Vibati vya Tisini

Arsenio Cabrales hakuzaliwa mwongo. Uongo aliufundishwa kazini, kama wengine wanavyofundishwa kuchomelea. Aliingia kiwanda cha sukari cha La Porfía akiwa na miaka kumi na saba, akipaka grisi ekseli za mabehewa ya miwa. Alipofika ishirini na sita akakabidhiwa funguo za stoo ya spea, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mlevi. Watu wenye sifa hizo mbili kwa pamoja, La Porfía walikuwa wa kuhesabika.

Stoo aliyoikuta ilikuwa jaa. Vinu vilikuwa vya Wamarekani wa zamani, pampu za Warusi, mota za Wajerumani, na bolti hazikujulikana baba yao. Fundi akitaka beringi aliambiwa ingia uichimbe mwenyewe, kama mtu anayechimba muhogo. Arsenio akajifungia humo miezi minane. Alikata vibati kutoka kwenye madebe ya mafuta, akavigonga namba kwa mihuri ya chuma na nyundo, akafunga kila kibati kwa waya kwenye kifaa chake. Namba mbili za mwanzo zilikuwa za nyumba: kumi ni vinu vya kukamulia, ishirini ni maboila, thelathini ni matangi ya kuchemshia. Mbili zilizofuata zilitaja mtambo, na tatu za mwisho zilitaja kiungo chenyewe. Fundi angesimama dirishani aseme, "Kumi, sifuri tatu, mia moja kumi na mbili," na Arsenio angenyoosha mkono bila hata kugeuza shingo.

Kitu kimoja tu kiwandani hakikuwa na kibati, nacho ni king'ora cha mvuke juu ya paa la maboila. Hakikuwa spea. Kililia alfajiri, adhuhuri na jioni, na mji mzima ulikula, ukalala na kuzaa kwa sauti yake. Eneida, mkewe Arsenio, hakuwa na saa nyumbani. King'ora cha alfajiri kikilia, yeye anabandika kahawa.

Nyumba ya mwisho katika mpango ule wa namba ilikuwa tisini, vyuma chakavu. Vitu vya tisini havikuandikwa kimoja kimoja kwenye orodha iliyopelekwa mkoani kila mwaka. Viliandikwa kwa uzito tu: tani tatu, tani nne, basi. Nani ana muda wa kuhesabu takataka?

Mwaka wa tatu wa kazi, Arsenio aliandika kwa uaminifu kabisa kwamba anazo beringi mbili mpya za shaba za rola kubwa. Wiki haikuisha, lori likaja na barua yenye muhuri, likazibeba zote mbili kupeleka kiwanda kingine. Machi, katikati ya msimu wa kukamua, rola la La Porfía likala beringi yake. Kiwanda kikanyamaza siku kumi na tisa, miwa ikikauka ndani ya mabehewa. Nicanor, fundi mkuu wa vinu, aliyemsimamia binti wa Arsenio ubatizo, wakaitana kompadre tangu hapo, akaja dirishani akiwa na grisi hadi kwenye nyusi.

"Kompadre, ulikuwa nazo mbili."

"Niliziandika kwenye orodha."

"Sasa uliziandika ili asome nani?"

Tangu siku hiyo, kila kitu cha maana kilichoingia stoo kilibadilishiwa nyumba. Namba nyingine aliziacha zilivyo. Kumi tu ikageuka tisini. Beringi mpya, imefungwa kwenye karatasi yake ya nta, ikalala chini ya rundo la mabomba yaliyooza na kibati kinachosema ni taka. Na msimwone mbaya peke yake. Watunza stoo wote walifanya hivyo, kila mtu na tisini yake, kwa sababu anayemwonyesha mwewe vifaranga asije akalia. La Porfía ikapita misimu ishirini na sita bila kusimama zaidi ya siku mbili. Mafundi walipokwama walikuja wakanong'ona, "Mzee, tisini kuna nini?" naye alikuwa akijibu neno lile lile, "Akiba haiozi."

Biashara nayo ilifanyika humo humo. Mwezi wa pili wa mwaka ule wa mwisho alikuja Fermín, mtunza stoo wa San Telmo, kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya kilima, kilomita tisa. Fermín alikuwa mfupi, mwenye kitambi, na uso wa mtu anayeomba radhi kabla hajakukanyaga.

"Arsenio, nimekuja kwako kama ndugu. Beringi ya rola kubwa."

"Sina."

"Najua huna. Na mimi sina mabomba ya shaba ya boila, yale marefu, manne."

Arsenio akawasha sigara, akaitazama mpaka ikashika moto vizuri. "Huna manne?"

"Sina manne."

"Usipokuwa na sita, labda nami sitakuwa na beringi."

"Sita! Wewe utamvua maiti soksi. Matano."

"Matano, na kilo moja ya kahawa. Ile ya mlimani, usiniletee ile mliyochanganya na dengu."

Wakapeana mikono. Arsenio akachimbua beringi, akakata waya wa kibati cha tisini, akakitia mfukoni. Akagonga kipya cha kumi, kwa sababu Fermín alisema walinzi wa geti la San Telmo wana macho, na kitu kilichoandikwa taka hakipiti. Ilikuwa beringi nzuri. Alimsindikiza nayo hadi kwenye gari kama anayemsindikiza binti anayeolewa, lakini mabomba matano ni mabomba matano.

Mei, msimu ulipokwisha, habari zikaenea kwamba inakuja tume kukagua stoo za viwanda vyote vya mkoa. Kukagua maana yake nini? Miaka yote, aliyekuja kukagua alikuja kuchukua. Arsenio na Nicanor wakafunga mlango siku tano. Wakabadilisha vibati mpaka vidole vikatoka malengelenge. Gia, valvu, shafti ya akiba, hata mota mbili ambazo hazijawahi kuguswa, vyote vikahamia tisini. Walipomaliza, rafu za kumi zilikuwa tupu.

"Wakija hapa wataona huruma," Nicanor alisema akicheka. "Watatuachia na hela ya mkate."

Mkuu wa tume alikuwa mhandisi Odalys Puentes, mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya vumbi na daftari lililofungwa kwa raba. Alipita rafu hadi rafu. Kwenye rafu za kumi akasimama.

"Beringi za rola kubwa, mzee wangu?"

"Hatuna, mhandisi."

"Gia ya akiba ya kinu cha pili?"

"Hatuna."

Akageuka akautazama mlima wa vyuma kule pembeni, kisha akamtazama Arsenio usoni. "Mzee Arsenio, nakuuliza tena, na nisikilize vizuri ninavyokuuliza. Kweli hamna?"

Hapo ndipo mtu aliyefanya biashara maisha yake yote alipaswa kusikia. Anayetaka kuchukua haulizi mara mbili. Arsenio alijua kuusoma uso wa mnunuzi kuliko kuusoma uso wa mkewe, lakini siku ile aliogopa, na mtu mwenye hofu hasomi.

"Hatuna, mama."

"Tunaishi kwa kudra tu," akadakia Nicanor.

Mhandisi akaandika, akafunga raba ya daftari lake.

Barua ilisomwa uwanjani mwezi wa sita, kiwanda kizima kimesimama juani. Sukari imeanguka bei duniani. Nusu ya viwanda vitafungwa. Vitakavyobaki ni vile vyenye spea za kuvifikisha misimu miwili bila kununua chochote nje. Kisha yakasomwa majina. San Telmo imo. La Porfía, msomaji alisema, haina beringi hata moja katika orodha yake, itabomolewa. Mtu mmoja nyuma akauliza kama kantini ya mchana ipo au haipo.

Arsenio hakwenda kula. Alifungua stoo, akakata waya za vibati mia mbili na kumi na nne vya tisini, akavitia kwenye gunia la unga, na asubuhi iliyofuata akapanda basi la kwenda mkoani. Alimwaga gunia mezani kwa mhandisi Odalys. Vibati vingine vikadondoka sakafuni vikilia.

"Hizi zote ni nzima," akasema. "Beringi saba. Gia mbili. Njoo uzione. Mimi ndiye mwongo, si kiwanda. Nifunge mimi."

Mhandisi alichukua kibati kimoja, akakigeuza. "Nilijua ziko pale. Unadhani mimi sijawahi kufanya kazi kiwandani? Baba yangu alikuwa mtunza stoo."

"Basi kwa nini hukuandika?"

"Nilikuuliza mara mbili, mzee. Nikaandika ulichosema wewe. Kila kiwanda kina tisini yake. Nikianza kuandika ninachokijua badala ya mnachokisema, nitaanzia wapi na nitaishia wapi?" Akasukuma vibati taratibu upande wa Arsenio. "Orodha imeshapanda juu. Imeshatiwa saini. Huwa hairudi."

"San Telmo wana beringi ngapi?"

Akafungua daftari. "Nane. Kipimo cha kubaki kilikuwa nane."

Arsenio akauliza, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, kama namba ya kibati cha beringi ya nane anayo. Mhandisi akamsomea. Kumi, sifuri tatu, mia moja kumi na mbili. Alikuwa amekigonga mwenyewe, mwezi wa pili, kwa mabomba matano na kilo ya kahawa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema lolote kuhusu mali yenye daftari la uongo. Arsenio alirudi na gunia lake. Alimweleza Nicanor yote wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya stoo, bila kupunguza, hata habari ya Fermín. Nicanor alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akapangusa suruali yake.

"Vibati tuligonga wawili," alisema. "Ile beringi uliiuza peke yako."

Hakumwita kompadre tena. Walikaa mtaa mmoja miaka kumi na moja zaidi, wakisalimiana kwa kichwa.

Kubomoa kulichukua miezi sita, na kazi hiyo haiwezekani bila mtunza stoo. Kila kiungo cha kiwanda kilichoshushwa kilitakiwa kipewe kibati: kizima kipelekwe viwanda vilivyobaki, kibovu kipelekwe tanuru la kuyeyushia. Arsenio akakata madebe upya. Na safari hii aliandika ukweli. Beringi saba zikarudi nyumba ya kumi, zikapakiwa, zikaenda. Gia zikaenda. Zile mota ambazo hazijawahi kuguswa zikaondoka na karatasi zake. Madereva walishangaa, wakasema hawajaona kiwanda kilichofungwa kwa kukosa spea kikatoa spea nyingi namna ile. Arsenio aliwasainisha risiti.

Cha mwisho kushushwa kilikuwa king'ora. Vijana wa kreni walikiweka chini mbele ya stoo, kimezibwa na kinyesi cha njiwa, shaba yake imegeuka kijani. Hakikuwa na nyumba, mtambo wala kiungo. Miaka yote hiyo hakuna aliyekipa namba.

"Tia tisini, mzee," kijana mmoja wa kreni alisema. "Kitu chenyewe si kitabaki humu? Tutakuja kukichukua kimya kimya, tukakuwekee uani."

Lilikuwa pendekezo la maana. Chuma cha tisini kilisubiri lori la tanuru, na lori la tanuru huchelewa. Katika kuchelewa huko vitu hupotea, na hakuna anayepima taka kwa gramu. Arsenio alishika muhuri wa tisa mkononi kwa muda. Lakini alikumbuka pia zile mara chache ambazo lori la tanuru lilifika mapema.

Akaurudisha muhuri wa tisa kisandukuni. Akagonga ishirini, nyumba ya maboila, kisha namba mpya kabisa, na chini yake neno moja kwa herufi: KIZIMA. Akakifunga kibati kwa waya mara mbili. Misimu ishirini na sita alikuwa akiwaambia mafundi kwamba kitu ukikiandika kizima huchukuliwa, na hapo hakukosea. Siku mbili baadaye kilipakiwa. Karatasi ya dereva ilisema San Telmo, kwa sababu chao kilikuwa kimepasuka.

Januari, msimu ulipoanza ng'ambo ya kilima, Arsenio alikuwa macho alfajiri ingawa hakuwa na pa kwenda. Upepo ulitoka mashariki. Sauti ikaja imechujwa na umbali, nyembamba, lakini ni ile ile, na ule mtetemo wake mwishoni ambao Nicanor alishindwa kuurekebisha miaka yote. Eneida akajipangusa macho, akainuka kitandani akatafuta ndala.

"Lala," Arsenio akamwambia. "Si chetu."

"Najua si chetu," akasema, na akaenda kubandika kahawa.