Miale ya Anga kwa Bei ya Chuma Chakavu

"Iache hiyo. Nimesema iache."

"Mama, nimeisha kulipa. Stoo nzima."

Ni saa tatu asubuhi katika chuo kimoja cha ualimu huko Makindye, Kampala. Zubaida Abdunoor, mhudumu wa maabara, ameuziba mlango wa stoo kwa mwili wake. Mbele yake, ndani ya stoo, ni Ambroise, Mkongo anayenunua chuma chakavu, nyundo mkononi.

Wanunuzi huvunja kioo kwanza, wabaki na shaba. Ambroise ameanza na elektroskopu: chupa yenye majani mawili ya dhahabu, membamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiyatia umeme hutengana. Miale itokayo mbali angani ikipita, hukaribiana tena taratibu. Kwa chombo cha namna hiyo wanasayansi walianza kuishuku miale hiyo.

Jani moja limenata kidoleni mwa Ambroise. Analipuliza, linapotea.

"Hata gramu haifiki," anasema.

Mrija wa Geiger, uliolia "tik" kila chembe ilipopita, uko guniani, vipande vitupu. Kimebaki chumba cha mawingu, sanduku la kioo ambamo chembe huchora nyuzi nyeupe kwenye mvuke wa spiriti.

"Spiriti yake niliifuata Kabalagala, kwenye mabaa," anasema Zubaida, Mnubi aliyekwisha kuhiji. "Majirani wakanitangaza mlevi. Mume wangu akaninusa mdomo."

Rosebella, mkuu wa idara, anafika na simu sikioni.

"Hajati, tumepata kisanduku kipya. Kinahesabu chembe chenyewe, hesabu inaingia kwenye kompyuta."

"Kinahesabu, madamu. Hakionyeshi."

"Wanafunzi wanajibu mtihani. Hawatazami mawingu."

Leo Zubaida anastaafu. Kwa miaka thelathini ya kufuta vumbi kwenye vyombo hivi, wenzake wamemzawadia sufuria tatu za alumini. Maabara yote hiyo, wao wakaona jiko.

Anatoka, anarudi nazo zikiwa bado kwenye nailoni.

"Alumini hiyo. Weka kwenye mizani, unipe sanduku."

Ambroise anamtazama Rosebella. Rosebella anaendelea na simu yake.

"Mama, hizi mpya. Utapikia nini?"

"Nyumbani kwangu hakuna anayelala njaa. Pima."

Anapima. Sufuria zinazidi bei ya sanduku.

"Nitaliweka barazani," anasema Zubaida. "Wasichana wa mtaa walione kabla hawajaambiwa kuwa fizikia ni ngumu."

Anashika pembe mbili za sanduku. Ambroise anatua nyundo, anashika mbili zilizobaki, na wanatoka nalo.