Ng'ombe 999 wa Soitsambu: data zilipohama bila maana zake

Wakuu, heshima kwenu.

Ninayoyaeleza niliyashuhudia kwa macho yangu. Wa "nasikia" wanisubiri nimalize.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mtakwimu wa mradi mmoja wa mifugo, ofisi ikiwa Karatu. Tulikwenda Soitsambu, kijiji cha Wamaasai, kukusanya takwimu, boma kwa boma.

Sasa, kumwuliza Mmaasai idadi ya ng'ombe wake ni utovu wa adabu. (Mimi ni Mwiraqw, hata kwetu hutaonyeshwa zizi lote.) Waliokataa kujibu tuliwaandikia 999, nami katika programu ya takwimu nikatangaza kwamba 999 maana yake "hakujibu", isihesabiwe.

Ndipo akaja mtaalamu kutoka Arusha, mtu wa tai na laptop, akadai kwamba majedwali yangu yanasinzisha. Akazihamishia data kwenye programu ya kuchora ramani kwa faili la CSV, lisilobeba ila namba tupu.

Namba zikahama. Maana zake zikabaki Karatu.

Siku ya mkutano kijijini, jenereta likanguruma, ramani ikawaka ukutani. Boma la mzee Koinet, ambaye ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wachache wa kuwanywesha wajukuu maziwa, lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Boma hili lina ng'ombe 999," mtaalamu akatangaza. "Tunapendekeza nusu wauzwe, kuokoa malisho."

Mzee Koinet akasimama. "Ero, kijana, hao wengine wanalala wapi? Nionyeshe nikawakamue."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nusu ya wachache ni njaa.

Nikamtaka mtaalamu afungue data mbele ya watu wote. Kila boma jekundu lilikuwa la mtu aliyekataa kujibu. Na yote yalilingana, 999 kila moja, bila hata ndama wa ziada!

"Ng'ombe gani huzaana kwa nidhamu hiyo?" nikamwuliza.

"Mzee, programu ndiyo iliyosema," akanijibu.

"Programu haijawahi kukanyaga Soitsambu."

Mkuu wa mradi akalifuta pendekezo palepale.

Mzee Koinet akajifunga shuka vizuri, akasema: "Kumbe kunyamaza kunazaa! Mwakani sitawajibu hata salamu."

Funzo: unapohamisha data, hamisha na maana za alama zake. Kisha kagua kima cha juu na cha chini kabla hujapaka rangi yoyote. Ramani nzuri ya uongo hudhuru zaidi kuliko jedwali baya la kweli.

Wachora ramani mliomo humu, jiteteeni hapa chini. Nimestaafu, muda wa kuwasahihisha ninao.