Udongo Mweusi wa Teresia Kokugonza

Teresia Kokugonza alizaliwa Kanyigo, kwenye mwinuko unaolitazama ziwa, katika nyumba iliyozungukwa na migomba mingi hata jua la adhuhuri lilifika uani vipande vipande. Wale waliomfahamu Edmonton, huku London, kama mtumishi wa makao ya wazee aliyewaosha na kuwalisha watu wasiojua jina lake, hawakuwa na habari ya nyumba hiyo, wala hawakuuliza. Mimi nilikaa naye benchi moja kanisani kwa muda mrefu. Naandika habari zake kwa sababu yaliyompata yalitendwa mchana kweupe, na watu wenye heshima zao, wala sikuona hata mmoja aliyeona haya.

Kwao ardhi ni ya namna mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ambalo udongo wake ni mweusi na laini, mkono huzama ndani yake. Tena kuna rweya, uwanda wa majani ulio wazi, wenye udongo mwembamba uliochanganyika na changarawe. Mgeni hudhani Mwenyezi Mungu ndiye aliyeigawa nchi hivyo. Sivyo; ni shingo za wanawake. Tangu enzi za mabibi wa mabibi zao, wanawake wamekata majani rweya, wakayafunga mizigo, wakayabeba kichwani hadi kibanjani, wakayatandika chini ya migomba yaoze. Rweya ikafukarika, kibanja kikanona. Mke wa kule husifiwa kwa majani yake kama mwingine asifiwavyo kwa mapishi, na kadiri alivyokwenda mbali kuyatafuta ndivyo sifa yake inavyozidi. Tena majani ya rweya hayaombwi. Ni ya yeyote mwenye mundu na shingo.

Alikuja London akimfuata mumewe, Laurean, dereva wa basi, mtu mpole aliyependa kuvaa tai hata siku za mapumziko. Laurean alifariki mwezi wa Januari. Kaburi lake lilijaa maji kabla jeneza halijashushwa, kwa kuwa udongo wa huku ni wa mfinyanzi na haunywi. Wachimbaji wakaleta mashine ya kuyavuta, nasi tukasali huku ikinguruma. Haikupita muda, shemeji yake akapiga simu kutoka Kanyigo.

"Shemeji, pole tena," akasema. "Tumekaa kikao. Kibanja ni cha ukoo, unajua. Wewe ulituzalia binti mmoja, naye ameolewa huko na watu tusiowajua. Tumempa mtoto wa kaka yetu mkubwa. Haya, ulale salama."

Hivyo Teresia akabaki hana udongo wake popote, isipokuwa kishamba alichokodi nyuma ya reli. Kilikuwa kipande kisichozidi ukubwa wa sebule mbili, katika uwanja wa vishamba uliopangwa kwa safu mbili: safu ya juu, mtelemkoni, ambayo kiangazi ilipasuka nyufa za kuingiza kiganja, na safu ya chini, kando ya kijito kinachoteremkia Mto Lea, ambayo ilikuwa na unyevu mwaka mzima. Chake kilikuwa safu ya juu. Alikuta mfinyanzi wa rangi ya kijivu, ulioshika viatu kama deni. Majirani zake, wengi wao Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, walilima kwa sepetu kila majira ya kuchipua, wakipindua udongo chini juu. Yeye hakupindua kitu. Alivuka njia ya treni, akapanda mpaka uwanda wa majani ulio juu ya mtelemko, akakata kwa mundu, akafunga, akajitwika, akarudi, akatandika. Mwaka hata mwaka. Alipanda maharage, maboga na sukuma wiki, na mgomba mmoja ambao baridi iliukata kichwa kila mwaka, nao ukachipua tena bila kuzaa.

Mwenyekiti wa kamati ya vishamba alikuwa Jaspal Singh, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Southall kabla ya kuhamia Edmonton awe karibu na wajukuu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri na ulimi wake mkali zaidi. Kila alipomwona Teresia na mzigo kichwani aliegemea sepetu yake akaita:

"Mama Majani, leo unalisha ng'ombe gani?"

"Wewe, Bwana Singh. Ila maziwa sijayaona."

Watu wakacheka, naye Jaspal akacheka pamoja nao, lakini jina la Mama Majani likabaki. Watoto wao, waliojua Kiswahili cha kusikia tu, walilijua neno hilo.

Kisha wenye ardhi, yaani halmashauri ya mji, wakatangaza kwamba safu moja itachukuliwa ijengwe nyumba. Itakayobaki ni ile ambayo udongo wake umehifadhi kaboni nyingi kuliko mwenziwe, kwa maana miji siku hizi hujisifu kwa vitu vya namna hiyo. Wakamtuma msichana wa chuo kikuu, Nishma, aje apime. Nishma alikuwa na adabu, na Kiswahili alichofundishwa na bibi yake wa Mombasa. Alikuja na keekee ndefu ya kutobolea ardhi, akaichomeka katika kishamba cha Teresia, akaitoa ikiwa na udongo mweusi tangu ncha hadi shingo. Akausugua kwa vidole.

"Shikamoo, anti. Huu mbona si kama wa wengine?"

"Marahaba. Huu nimeulea mwenyewe. Sasa niambie, hiyo kaboni ni mdudu gani?"

"Si mdudu. Jani linapokua linaivuta kaboni kutoka hewani. Likifa, likaoza, likaingia udongoni, kaboni inakaa chini. Ikikaa chini, haipandi kuichemsha dunia."

"Inakaa siku zote?"

"Hapana. Udongo unapumua, anti. Joto likija, vijidudu vinaamka, vinakula, vinairudisha hewani. Mtu akipindua kwa sepetu ndiyo anavifungulia mlango. Kule chini kijitoni maji yanavinyima pumzi, kwa hiyo inadumu zaidi. Kila mahali pana tabia yake, na kila majira. Nikipima siku moja tu nitaudhulumu udongo. Nitarudi kiangazi, na majani yakipukutika, na wakati wa baridi."

Akarudi kama alivyosema. Kiangazi safu ya juu ilikuwa maskini, vishamba vilivyolimwa vimekauka na kuipumua hewani kaboni yote viliyokuwa nayo. Cha Jaspal, aliyelima kuliko wote, kilikuwa maskini kupita vingine. Safu ya chini ilikuwa bora, ingawa si kwa mbali. Lakini cha Teresia, chini ya blanketi lake la majani, kilibaki chenye unyevu na giza, kikiwa na kaboni nyingi hata kikaivuta safu yake nzima ikaipita ya chini. Majani yalipopukutika ikawa vivyo hivyo. Habari ikaenea kwamba safu ya juu itapona, na itapona kwa ajili ya mtu mmoja.

Jaspal akaanza kumwita Dada Teresia. Alimletea sambusa zilizofungwa kwa karatasi ya fedha. Aliwakataza watoto wasikanyage kishamba chake, na siku moja, mbele yangu, alimwambia, "Dada, wewe ni nguzo yetu. Ukianguka, sote chini." Nilimwona Teresia akishusha macho kama bibi harusi. Tangu Laurean afariki hakuna mtu aliyekuwa amemsifu kwa neno lolote.

Nishma alikuja mara ya mwisho wakati wa baridi. Ardhi ilikuwa imeganda. Aliinua tabaka la majani kwa vidole, akaona la chini yake, na la chini ya hilo, akauliza kwa upole:

"Anti, majani haya yote unayatoa wapi?"

Mtu wa mahali pengine angalinusa hatari. Angalisema ameyaokota huku na huku, au kwamba kapewa. Lakini huko Kanyigo hilo ndilo swali ambalo kila mwanamke hutamani kuulizwa mbele ya wakwe, na hapa London hakuna aliyewahi kumwuliza. Teresia akafunga kitambaa chake upya, akasema, "Njoo nikuonyeshe." Akamvusha reli, akampandisha mtelemko mzima, wala hakupumzika, ingawa magoti yake yalikuwa yameharibika kwa kuwainua wazee. Juu wakasimama katika upepo.

"Kuanzia pale kwenye uzio mpaka hapa," akasema, akinyoosha mkono. "Peke yangu. Kwa kichwa. Mvua, jua, sikukosa."

"Na kule ng'ambo?"

"Kule sijafika. Ila nikipewa uzima nitafika."

Nishma akaishika keekee yake. Alipiga magoti, akatoboa ardhi iliyokatwa, kisha akaenda akatoboa ile isiyokatwa, akarudi akatoboa tena, na Teresia akamshikia mfuko.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nishma alisimama akiwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi, akaeleza kwamba kaboni ya kishamba cha Mama Teresia ilikuwa ya kweli na nyingi.

"Lakini haikuongezeka," akasema. "Imehama. Kule juu alikokata, udongo umepungukiwa. Pembeni ambako hakukata, umenona. Uwanda ule nao ni wa wenye ardhi, nao wanauhesabu. Siwezi kulihesabu jani lile lile mara mbili. Nikiondoa alichokileta kutoka nje, safu ya juu inashindwa."

Teresia alikuwa mstari wa mbele, mahali walipomketisha wenyewe.

"Ndivyo kibanja kinavyokuwa," akasema. "Sijui kingine kinachokuwa kwa njia nyingine."

Jaspal akageuka katika kiti chake. "Kwa nini ulimpeleka kule?"

"Aliniuliza."

"Na kila ukiulizwa unajibu? Mtoto wa miaka mitatu anajua kunyamaza."

"Sikuwa na cha kuficha, Bwana Singh."

"Hapana, hukuwa nacho. Sisi ndio tuliokuwa nacho." Akawatazama wenzake. "Ng'ombe hula, akashiba, akalala. Huyu kala, kisha katapika mbele ya wageni."

Walicheka. Sitasema kwamba ni wote, lakini nilivisikia vicheko kutoka pande zote za ukumbi. Nishma alianza kusema kwamba kosa halikuwa la mtu, kwamba hata majani hayo yangeoza kule kule na sehemu ya kaboni yake ingepotea hewani. Hakuna aliyemsikiliza, kwa maana viti vilikuwa vimeanza kuburutwa.

Wiki iliyofuata kamati iliamua kwamba vishamba vya safu ya chini vigawanywe, ili waliofukuzwa juu wapate mahali. Wote walipata, isipokuwa mmoja. Jaspal alilisoma jina lake kwa sauti ile ya kutangaza ndoa kanisani, akaeleza kwamba mtu aliyechuma mali ya wenye ardhi bila ruhusa hawezi kukabidhiwa ufunguo wa lango. Teresia aliomba nusu ya nusu, kona yoyote. Akaambiwa kamati imekwisha kuamua. Alipompigia binti yake, Kemilembe, aliyeko Barking, yule binti alimjibu kwa Kiingereza, kwa upendo wake wote, kwamba yalikuwa majani tu, na kwamba sasa angeweza kuja Jumamosi kuwaangalia watoto.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mashine kufika, alikwenda kung'oa vitunguu vyake vilivyosalia. Nilifuatana naye kumbebea kikapu. Kutoka langoni tuliwaona: Jaspal, na Pushpa, mzaliwa wa Moshi, mwenye duka la viungo na kishamba safu ya chini, na wengine wanne au watano, wana matoroli. Walikuwa wamekifunua kishamba chake. Majani yalikuwa yamerundikwa kando, nao walichota udongo mweusi kwa sepetu na kuuteremsha safu ya chini. Upande mmoja walikuwa wamekwisha kufika kwenye mfinyanzi, nao uling'aa, wa kijivu, umetuna kwa maji. Mgomba ulikuwa umelazwa njiani.

"Mnafanya nini?" Teresia akauliza.

"Tunahamisha," Jaspal akasema. "Kwani ni dhambi? Jumatatu tingatinga litaufukia wote. Au ulitaka kuubeba kichwani mpaka Kanyigo?"

"Mngeniambia."

"Ungetuambia na wewe."

Toroli likapita kati yetu, na mwenye toroli akaomba radhi, kwa kuwa gurudumu liligusa sketi ya Teresia. Nilimshika mkono nimwondoe. Hakusogea. Alikuwa akimtazama Pushpa kule chini, ambaye alichimba shimo refu katika kishamba chake chenye maji, akamwaga udongo ule ndani, akaufunika kwa matope na kuukanyaga kwa mabuti.

Teresia akaniachia kikapu, akateremka.

"Si hivyo," akasema. "Unauzika. Utaoza vibaya, utanuka. Utoe."

Pushpa akamtazama Jaspal, kisha akautoa. Teresia alipiga magoti kwa shida, akausambaza kwa viganja, mwembamba, juu ya ardhi na si ndani yake, akionyesha mahali pa kuacha njia ili mguu usiukanyage. Akaagiza majani yaletwe, wakayaleta, yale yale ya mtelemkoni. Akayatandika yakielekea upande mmoja, mzito chini, mwepesi juu.

"Rudia hapo kwenye shina," Pushpa akasema. "Yaguse shina?"

"Yasiguse. Nafasi ya kiganja. Wakati wa baridi uongeze. Kiangazi usifunue hata ukitamani."

"Na nisilime kabisa?"

"Usilime."

Wengine wakasogea kuona. Mmoja akamwita kwake, akaenda. Mwingine naye akamwita. Jaspal alisimama nyuma kwanza, kisha akaja akauliza kuhusu viazi, akajibiwa kuhusu viazi. Kazi ilikwisha jioni, na safu ya chini yote ilikuwa imevaa majani kama nyumba inayongojea wageni. Magoti ya Teresia yalikataa kunyooka, ikanibidi nimwinue.

"Asante, mama, tumeelewa," Jaspal akasema, akiwa amepiga magoti kishambani mwake, akipima nafasi ya kiganja. Hakuinua kichwa. "Ukitoka ufunge lango. Ufunguo uning'inize hapo kwenye msumari."

Akauning'iniza.