Supu ya Dvoira

Watu wa Once, mtaa wa Wayahudi huko Buenos Aires, Mungu awasamehe, walikuwa wakicheka kabla Fishel Zabludinski hajafungua mdomo. Kila Ijumaa gazeti lao la lugha ya Kiyidi lilitoka na safu yake, na kila Ijumaa safu ilimtania mkewe Dvoira na supu yake: chumvi ya kuua paka, kijiko husimama wima ndani yake. Dvoira mwenyewe ndiye aliyeubuni utani huo, pale Fishel alipoishiwa na la kuandika, mhariri akatishia kumfukuza.

"Basi nitanie mimi," alimwambia. "Sitaumia."

Aliumia. Kila alipowaalika watu chakula cha Sabato walitoa udhuru huku wakicheka, mpaka akaacha kuwaalika. Fishel aliyaona hayo na bado akaandika, maana utani ule ndio uliowalisha.

Sasa Dvoira alikuwa amefia hospitalini, na maziko yamekwisha. Fishel aliketi kwenye kigoda, shati limechanwa kifuani kwa ishara ya msiba, chumba kimejaa watu. Kwa desturi yao mfiwa ndiye huanza kusema, na wote walimtazama wakingoja. Alitaka jambo moja tu, wajue mkewe alikuwa nani hasa.

"Supu yake ilikuwa tamu," alisema.

Gedalia, mshona makoti, alijiziba mdomo, akashindwa. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Jamani, Bwana Fishel, hata leo!"

"Gedalia, uliwahi kuionja?"

"Mimi? Nina watoto wa kulea, ndugu yangu!"

"Na wewe, Bi Perl? Tumeishi ukuta kwa ukuta."

Bi Perl, aliyemletea mayai ya kuchemsha ya msiba, aliinamisha kichwa.

"Sufuria ya supu yake iko pale nje kwenye baridi," alisema Fishel. "Aliipika kabla hajapelekwa hospitali. Mimi mlo wa kwanza baada ya maziko siruhusiwi kula cha nyumbani kwangu. Nyinyi mnaweza."

"Tule msibani, Bwana Fishel?"

"Kuleni. Nawaomba."

Bi Perl akaipasha moto. Vijiko havikutosha, wakapokezana. Gedalia alikunywa kidogo, akanywa tena, kisha akakiweka kijiko chini na kulia kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

Fishel alimenya yai lake, akala, huku akiwasikiliza wakikwangua sufuria.