Rispa Aliyelazwa Juu ya Majani ya Mgomba

"Nitazameni ngozi!" Rispa Adhiambo aliuambia umati katika baraza la chifu pale Kosele, akikunja mikono ya blauzi mpaka mabegani. "Miaka yote hii niko kwa dawa za ukimwi. Mnaona mgonjwa hapa? Siku ngozi hii itapasuka, njooni mnizike!"

Watu walicheka, hata chifu, ambaye hucheka kwa kibali. Rispa alikuwa mkaangaji samaki kando ya stendi, mwanamke wa kumtukana mteja na kumrudishia chenji kwa pumzi moja. Kliniki ilipokuwa na mtu anayeogopa dawa, ilimwita yeye. Wengine wangekuja na mabango. Rispa alikuja na mikono yake. Wazee wa hapa wanakumbuka enzi ambapo ugonjwa huu ulisomwa kwenye ngozi kabla ya daktari kuusoma kwenye damu, kwa hivyo mkono laini ulikuwa hoja isiyojibika.

Ndivyo alivyomshinda mdogo wake, Frankline. Jamaa alirudi kutoka migodi ya dhahabu ya Migori akiwa amekonda mpaka mshipi unamtafuta kiuno. Alipimwa, akakutwa na virusi, akakataa dawa.

"Omera, ndugu yangu, shika mkono huu," Rispa alimwambia. "Ukimeza, utakuwa hivi. Ukikataa nitakuzika, na sitalia sana, nina samaki kwa moto."

Frankline akameza. Akanenepa, akarudi mgodini kifua mbele.

Kisha Rispa akatokwa na vidonda mdomoni. Akalaumu chai moto. Yakafuata malengelenge mikononi, akalaumu mafuta, na sisi sote tukalaumu mafuta. Mtu anakaanga samaki kutwa, ana lengelenge mkononi, nani atauliza? Yalipotokea mgongoni ndipo Jedidah, muuza nyanya wa meza ya pili, alipofungua mdomo.

"Kwani mama, siku hizi unakaanga ukiwa umegeuka?"

Hapo wateja wakaanza kupungua. Kosele ina madaktari wengi, vyeti tu ndivyo hawana. Wa kwanza walisema virusi vimeamka. Wa pili walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wakaanza kumtafutia mwiko. Wa tatu, na hawa ndio walioumiza, walisema dawa zenyewe zimempika.

Katika hospitali moja ya Homa Bay, daktari wa ngozi alikata kipande kidogo, akakipeleka maabara. Jibu likaja na jina: pemfigasi.

"Virusi vyako bado vimelala," daktari alimwambia. "Hii ni kinga yako mwenyewe, inashambulia ngozi. Haiambukizi mtu. Na dawa zako za virusi usiache hata siku moja."

"Yaani mbwa niliyemlisha akapata nguvu, ananiuma mimi mwenye boma?"

"Ndiyo, na kwa nini amekugeukia, hatujui."

"Basi mfungeni, daktari."

Wakaanza kumfunga kwa vidonge vya kutuliza kinga. Lakini mgongo ulikuwa umeshachubuka wote. Shuka ikimgusa, inaganda. Ikibanduliwa, inaondoka na ngozi na kelele. Muuguzi Mellen akaagiza majani ya mgomba, yakaoshwa, yakapitishwa kwenye mvuke, yakatandikwa kitandani. Jani la mgomba halishiki kidonda. Rispa akalala usingizi aliokuwa ameusahau.

Ndipo Frankline akafika kutoka Migori.

Hapa kwetu, kabla ya mochari kuja, aliyelazwa juu ya majani ya mgomba hakuwa mgonjwa. Alikuwa maiti, amewekewa ubaridi akisubiri kaburi. Frankline alisimama mlangoni, akamwona dadaye kimya juu ya majani, akageuka. Hakuuliza mtu. Alipofika nyumbani alipiga nduru langoni, wanawake wakaipokea, turubai la matanga likafungwa. Jedidah, akitaka kujua mwili unakuja lini, akapiga simu ya Rispa, akijua itapokewa na muuguzi.

"Nani amekufa huko? Nasikia kelele," sauti ya Rispa ikauliza.

Jedidah alishusha sauti. "Ni... ni wewe."

"Basi ngojeni nimalize uji."

Turubai lilishushwa na tukacheka kwa aibu. Frankline hakucheka. Vidonge vyake alikuwa ameshavitupa chooni.

Rispa alirudi, ngozi imefunga lakini imejaa madoa meusi, uso umevimba kwa dawa. Alimfuata Frankline nyumbani kwake.

"Meza dawa, omera. Daktari amesema si dawa zilizonifanya hivi."

"Daktari ndiye alikulaza kwenye majani."

"Yalikuwa ya kuponya! Si niko hapa naongea na wewe?"

"Nyamera, dada yangu, uliniambia nitazame ngozi," Frankline akasema, bila hasira yoyote. "Nimeitazama."

Miaka yote Rispa alikuwa ameshinda kwa mikono, na maneno peke yake hakuwa ameyafanyia mazoezi. Alimwomba, akamlilia, akatuma wachungaji. Frankline akarudi mgodini, na baadaye akawa hapokei simu.

Mvua za masika zilimleta. Ryoba, mchimbaji mwenzake, alimshusha begani kama gunia lisilo na kitu. Rispa alimsagia vidonge kwenye kijiko, na sasa Frankline alikubali, akafungua mdomo mwenyewe. Koo ndilo lililokataa.

Nduru ilipopigwa, hakuna aliyekimbia. Watu walipigiana simu kwanza, kuhakikisha.

Rispa alienda kwa fundi peke yake, mikono ya blauzi imeshushwa mpaka viganjani. Jeneza la mkaratusi pale Kosele ni shilingi elfu kumi na nne, bila vishikio.