Nilipoulizwa Kuhusu Utatu

Kanisani kwetu hakuna anayebatizwa bila kuulizwa maswali. Unasoma katekisimu kwa miezi kadhaa, halafu unaitwa mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, unajibu kwa mdomo. Mimi nilishindwa mara mbili. Majibu nilikuwa nayo, lakini nikitazamwa na watu wengi sauti yangu hushuka tumboni, na wazee walipoona kimya changu wakasema bado sijaamini. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, sahani ya mkate ilipofika nilipoketi, niliipokea na kuipitisha kwa shangazi bila kuchukua kitu. Niliamini, na niliutamani ule mkate mdogo kuliko ninavyoweza kueleza.

Nafanya kazi katika kibanda cha shangazi hapa Masii, cha chai na chapati. Siku za soko wafanyabiashara wa mbuzi huja mapema. Mmoja wao ni mzee Msomali anayeishi hapa tangu kabla sijazaliwa, na Kikamba chake ni safi kuliko Kiswahili changu. Hupenda kunichokoza kwa sababu sijibu.

"Binti wa miungu watatu," aliniita asubuhi moja, "niletee chai ya Mungu mmoja."

"Mwache mtoto wangu," shangazi akasema. "Karibuni anaulizwa maswali kanisani. Usimvuruge."

"Basi nimfanyishe mazoezi. Binti, mko na Baba, mko na Mwana, mko na Roho. Mimi nahesabu tatu. Wewe unahesabu ngapi?"

Nilikuwa nimechutama kando ya moto. Kwa kuwa alikuwa mmoja tu, na macho yake yalikuwa kwenye kikombe, nilijibu. "Ni kama haya mafiga. Ni matatu, lakini jiko ni moja."

Alifikiri kweli. "Na ukitoa figa moja?"

"Sufuria itamwagika."

"Kwa hivyo Baba peke yake ni theluthi ya Mungu? Hata sufuria hawezi kubeba?"

Shangazi alicheka mpaka chapati ikaungua. Mimi sikucheka. Mfano huo ndio niliokuwa nimewawekea wazee.

Kisha akauliza bila mzaha, "Na hilo neno Utatu liko ukurasa gani wa kitabu chenu? Hapo sikuchokozi. Nataka kujua."

"Nitatafuta," nikasema.

Nilitafuta. Niliishia darasa la nane, na nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Neno lenyewe sikuliona popote, nikaingiwa na hofu kwamba tumefundishwa kitu kilichoongezwa na watu. Kisha nikafika pale Yesu anapobatizwa mtoni. Habari hiyo niliijua tangu utotoni, lakini safari hii, kwa ule mwendo wangu wa kobe, niliona kila mmoja yuko wapi. Mwana amesimama majini, amelowa. Roho anashuka kama njiwa. Baba anasema kutoka juu kwamba amependezwa na Mwanawe. Hakuna anayejifanya mwingine, na hakuna aliye kipande cha mwingine. Na Maandiko hayohayo hayachoki kusema kwamba Mungu ni mmoja. Hofu yangu ikapungua. Fumbo halikupungua.

Siku ya soko iliyofuata nilimwambia yule mzee, "Neno haliko. Lakini wao wako," nikamsimulia.

Alinisikiliza hadi mwisho, chai ikapoa. "Mimi sikubali," akasema. "Lakini hukunidanganya. Nenda ukawaambie hivyohivyo."

Jumamosi niliitwa katika chumba cha mchungaji. Wazee walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili.

"Tueleze Utatu," mchungaji akasema.

Sauti ikaanza kushuka. Nilitazama sakafu. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ni kama mwaka jana tu." Nikaiona sahani ikinipita tena.

Nikaanza kusema, macho kwenye mikono yangu. Nilisimulia mto, na aliyekuwa majini, na aliyeshuka, na aliyenena.

"Hao ni wangapi?"

"Watatu."

"Miungu watatu?"

"Hapana. Mungu mmoja."

"Inawezekanaje?"

"Sijui, mchungaji. Nilikuwa na mfano wa mafiga, ukaanguka." Mtu akacheka. "Ninachojua ni kwamba nikiomba, siombi mara tatu. Naongea na Baba, kwa sababu Mwana alinifungulia njia, na Roho ndiye hunipa moyo wa kuanza. Ni ombi moja, kwa Mungu mmoja."

"Hilo si jibu la katekisimu," akasema yule mzee aliyenong'ona.

"La katekisimu pia ninalo," nikasema, nikalitoa lote, kwa kukwamakwama.

Waliniambia nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi nikijaribu kukisia kutokana na sauti zao, ila sikusikia neno. Baadaye mama mmoja kati ya wazee akatoka, amekunja uso kama kawaida yake.

"Jumapili ubebe nguo za kubadilisha na leso ya kujifunika. Maji ya tangi la ubatizo ni baridi. Usije ukasema hukuambiwa."

"Ndiyo, mama!" nikasema. "Nitabeba!"

Wapita njia wawili waligeuka kunitazama.

"Polepole, mtoto," akasema. "Sijasema mimi ni kiziwi."