Siku Mashine Ilipopuliza Badala ya Kuvuta

Mkasa huu huwa nausimulia huku nacheka, lakini ni kicheko cha kujificha, kwa maana aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na afadhali ingekuwa aibu peke yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimemaliza mafunzo ya uuguzi juzi juzi tu, nikapelekwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Iguhu, chenye wodi ya kujifungulia ya vitanda vitatu. Mkubwa wetu alikuwa Matroni Beatrice, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuinua sauti (na hicho ndicho kilichotutisha). Tulikuwa na mashine moja ya kuvuta ute kooni mwa mtoto anayezaliwa akashindwa kupumua: mota chini, chupa ya kioo juu, na mipira miwili. Kila asubuhi anayeingia zamu sharti aiwashe, atumbukize ncha ya mpira kwenye kikombe cha maji, aone maji yakipanda mpaka kwenye chupa.

Asubuhi ile niliosha chupa, nikarudisha mipira, nikawa ndio nataka kuijaribu, halafu nikasikia chai iko tayari jikoni na kuna viazi vitamu (mnanijua mimi na viazi vitamu), nikasema nitaijaribu baadaye. Matroni akanikuta huko huko jikoni.

"Imali, mashine umeijaribu?"

"Ndiyo, Matroni," nikajibu, mdomo umejaa.

Saa nne akaletwa Jentrix, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshakolea, amesindikizwa na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, pamoja na majirani kama sita waliojaza benchi la nje. Mtoto alitoka kabla ya saa sita, msichana, mzito, lakini amelegea kama kitambaa kilicholoa, midomo imegeuka rangi. Halii. Matroni akamfuta, akamsugua mgongo, wapi. Koo lilikuwa limejaa ute.

"Mashine," akasema.

Sasa swichi ya stima ilikuwa karibu na mlango, ikabidi nisogeze pazia, na wale wanawake wote wakasimama kutazama. Nikawasha. Ikanguruma vizuri kabisa. Matroni, hata akiambiwa imejaribiwa, hakuwa mtu wa kuamini mashine, akatumbukiza ncha kwenye kikombe kwanza. Maji hayakupanda. Yalitokota, yakaruka, yakampiga usoni yakalowesha miwani, na yaliyobaki yakamwangukia Kukhu aliyekuwa ameingiza kichwa mlangoni.

Kukhu akajipangusa shavu. "Sista," akauliza polepole, "hii mashine yenu inavutanga ama inapulizanga?"

Nikatazama, nikaona mpira nimeuchomeka kwenye tundu la kutolea hewa. Bila kile kikombe tungepuliza ule ute mpaka kwenye mapafu ya mtoto. Nikajaribu kuuchomoa mpira ukakataa, nikavuta kwa nguvu, chupa ikaanguka ikapasuka mbele ya macho yote yale.

"Wacha hiyo," Matroni akasema. "Droo ya pili, lete kimrija cha mdomo."

Hicho kina kichupa katikati ili uchafu usikufikie, ncha moja kwa mtoto, nyingine kwako, unavuta kwa pumzi yako. Nikamletea, akavua miwani iliyolowa, akanirudishia kimrija.

"Mimi sioni. Vuta wewe."

Nikainama, vioo vinalia chini ya viatu, nikavuta, nikaona ute ukiingia kichupani, nikavuta tena, kisha puani. Nyuma yangu Jentrix alikuwa anauliza, "Mbona halii? Mbona mtoto halii?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu mwenye jibu mdomo wake ulikuwa kwenye mrija. Nikavuta mara ya nne au ya tano, sikumbuki, na mtoto akakunja uso, akakohoa, akalia. Mimi nikakaa sakafuni nikalia kumshinda.

Matroni alipomaliza kufuta miwani akanitazama. "Ulisema umeijaribu."

Pazia bado lilikuwa wazi. "Sikuijaribu, Matroni. Nilienda kunywa chai."

Kukhu akanigeukia. "Umemvuta kwa mdomo wako, asante," akasema. "Lakini chai, sista? Chai?" Na majirani wale sita wakaenda nalo hilo sokoni.

Nikaapa kwamba kitu ambacho sijakijaribu, nitasema sijakijaribu, hata anayeuliza akiwa na haraka, hata nikitazamwa na kijiji kizima. Wiki sita baadaye Jentrix alikuja kliniki, binti amenona, nikanyoosha mikono nimpokee nimpime uzito. Hakunipa.

"Sista," akaniuliza kwa adabu, "mizani umeijaribu?"

"Bado," nikamwambia. Akaketi, akamweka mtoto kwenye titi, akangoja.